Usiku wa makombora ya Al Udeid bei ya mafuta ilishuka asilimia 7. Sisi tulikuwa tunatazama nini?

#1 Mchambuzi Nusu (mleta uzi)
Jumatano, 25 Juni 2025

Wakuu, heshima kwenu.

Jumatatu usiku nilikuwa kama nyie: simu mkononi, usingizi hakuna. Iran imerusha makombora kwenye Al Udeid, kambi ya jeshi la Marekani kule Qatar, na kila kundi nililomo lina mtu ameshatangaza vita ya tatu ya dunia kwa herufi kubwa. Mmoja akatuamuru tujaze matangi kabla hakujakucha. Mwingine, yule mjuzi ambaye kila kundi linaye, akatupangia na bei kabisa: dola 200 kwa pipa kabla ya Ijumaa.

Nikaenda kuangalia Brent, ile bei ya mafuta ghafi inayotumika kama kipimo cha dunia. Inashuka. Nikadhani ukurasa umeganda, nikaufungua upya, nikakuta imeshuka zaidi. Alfajiri ya siku hiyohiyo ilikuwa imegusa dola 81. Siku ikafungwa kwenye 71 na ushee, asilimia 7 chini ya siku iliyotangulia. Jana, baada ya kutangazwa kusitisha mapigano, ikafungwa kwenye 67.

Sasa rudini nyuma kidogo. Tarehe 12 Juni, siku moja kabla Israel haijaanza kuishambulia Iran, pipa lilikuwa dola 69. Kwa hiyo tumepita siku 12 za vita, Marekani imepiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan, bunge la Iran limeunga mkono kufungwa kwa Hormuz, ule mlango bahari wa kutokea Ghuba, na mafuta leo ni rahisi kuliko yalivyokuwa kabla ya bomu la kwanza.

Tafsiri yangu ni hii. Sisi tulitazama makombora, wanunuzi wa mafuta walitazama meli. Hofu yao ilikuwa kwamba Iran italipiza kisasi majini. Ilipochagua kambi ya jeshi, tena ikiwa imetoa taarifa mapema na asife mtu, wao walisoma kwamba meli zitaendelea kupita. Zile dola zilizokuwa zimepandishwa na hofu zikamwagika.

Na hofu ina nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1979, mapinduzi ya Iran yalipovuruga uzalishaji, dunia nzima ilipungukiwa na takriban asilimia 4 tu ya mafuta. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Asilimia 4 haiwezi kufanya hivyo peke yake. Makampuni yalikimbilia kununua na kuficha, serikali zikakimbilia kununua na kuficha, madereva wakapanga foleni kujaza matangi ambayo hayakuwa tupu. Kila mmoja alijilinda na upungufu, na kule kujilinda ndiko kulikouleta.

Ndiyo maana nasema mapokeo yetu sisi watazamaji ni sehemu ya habari yenyewe. Karibuni kwa hoja. Matusi pelekeni uzi wa mpira.


#2 Jongoo Reli

Nimeshakaa siti ya mbele. Endeleeni.


#3 Kalamu Kavu

Soko lina busara sana kumbe. Soko hilohilo tarehe 20 Aprili 2020 liliuza pipa la mafuta ya Marekani kwa dola 37 CHINI ya sifuri. Yaani muuzaji anakulipa uondoke nayo. Busara gani hiyo?

Na swali la pembeni, mkuu: wewe mwenyewe Jumatatu usiku ulijaza tangi au hukujaza?


#4 Mchambuzi Nusu

Kalamu Kavu, mfano wako unaniunga mkono. Ile bei ilikuwa ya mkataba wa kupokea mafuta mwezi Mei, na mkataba ulikuwa unaisha kesho yake. Aliyeushika hadi mwisho alipaswa kuyapokea mafuta kwa mkono wake pale Cushing, Oklahoma. Korona imesimamisha ndege na magari, matangi ya Cushing yamejaa au yameshakodishwa. Utayaweka wapi, bafuni? Wakalipa ili wasiletewe. Siku ileile Brent ilikuwa bado juu ya sifuri kwa sababu inasafiri kwa bahari, na bahari ina mahali pa kukwepea.

Kwa hiyo hata pale soko lilitazama kitu kimoja cha kushikika: nafasi kwenye matangi.


#5 Kalamu Kavu

Umejibu la Cushing. La tangi lako umeliruka.


#6 Baharia Mstaafu

Wanangu, nimesoma hoja zenu nikacheka kidogo. Niongeze la majini.

Nimepita Hormuz mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwenye ramani ya televisheni wanaichora kama mlango wa chumba, mtu anaweka komeo basi. Pale penye wembamba kabisa pana upana wa chini ya kilomita 40, na njia za meli ni mbili, ya kuingia na ya kutoka, kila moja kama maili mbili za baharini, katikati pameachwa nafasi. Njia hizo zipo upande wa Oman. Mapipa kama milioni 20 hupita hapo kila siku, karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani.

Kufunga si kuweka mnyororo. Kufunga ni kumfanya nahodha, mwenye meli na mwenye bima wasikubali. Na hawa watatu hawaogopi kitu kimoja.

Mwenye bima anapiga hesabu. Eneo likitangazwa la hatari, kila safari inalipiwa bima ya vita kwa asilimia fulani ya thamani ya meli, na muda wake ni mfupi, kwa kawaida siku saba. Tuseme meli ni ya dola milioni 100 na bima imefika nusu asilimia. Hiyo ni dola 500,000 kwa kupita tu. Mtu wa nchi kavu akisikia anashika kichwa. Lakini meli kubwa inabeba mapipa milioni 2. Gawanya mwenyewe: senti 25 kwa pipa. Bima haijawahi kulipandisha pipa hadi 200. Siku mwenye bima akisema "sitaki hata unilipe", hapo ndipo komeo limeingia.

Nahodha anaogopa kingine. Mwezi huu tatizo kubwa kule lilikuwa kuvurugwa kwa mawimbi ya kuongozea meli. Chombo kinakuonyesha uko nchi kavu na huku maji yanapiga ubavuni. Usiku, joto, meli za mita 300 kushoto na kulia, na skrini inakudanganya. Tarehe 17 meli mbili za mafuta, Front Eagle na Adalynn, ziligongana Ghuba ya Oman, moto ukawaka, mabaharia 24 wa Adalynn wakaokolewa. Haikuwa kombora. Chanzo nawaachia wachunguzi, lakini nilipoisoma habari ile nilikaa kimya kwa muda.

Na siku Marekani ilipopiga, meli mbili kubwa tupu, Coswisdom Lake na South Loyalty, ziligeuza pale mlangoni. Ukitaka kuona hofu kwa macho, iangalie meli ya mita 300 ikikata kona kurudi ilikotoka.


#7 Bint Zuhura

Shikamoo Baharia. Umenifanya nipite hesabu ile mara mbili, na iko sawa.


#8 Baharia Mstaafu

Marahaba binti yangu. Baharini hesabu ikikosewa watu wanakufa.


#9 Simba Mla Nyasi

Mnazunguka mbuyu. Vita hii ni ya mabeberu na mafuta ni kisingizio chao cha miaka yote. Siku Iran ikiamua, Hormuz inafungwa asubuhi na Marekani inapiga magoti jioni. Wameogopa, ndiyo maana wameomba kusitisha. Andikeni mtakavyo.


#10 Bint Zuhura

Simba, hasira yako naielewa ila ramani inaikataa. Mwaka jana zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ghafi yaliyopita Hormuz yalikwenda Asia: China, India, Japani, Korea Kusini. Mnunuzi mkuu wa mafuta ya Iran yenyewe ni China, na Iran hupakia karibu yote kisiwa cha Kharg, ndani ya Ghuba. Kulifunga lile lango ni kujifungia wewe na mteja wako ndani ya chumba kimoja na adui yako.

Saudia ana bomba la kuvuka jangwa hadi Yanbu, Bahari ya Shamu. Imarati ana lake hadi Fujairah, nje ya mlango. Hayatoshi kubeba kila kitu, lakini yapo. Qatar hana. Gesi yake yote ya kimiminika hutoka kwa meli kupitia Hormuz, kama sehemu ya tano ya biashara ya gesi hiyo duniani. Kwa hiyo ningekuwa mtu wa kuogopa, ningeogopa gesi kwanza, mafuta baadaye.

Na hapo ndipo ninapoachana na mleta uzi. Ndugu yangu, hoja yako ni nzuri kwa mafuta, lakini umeiandika kana kwamba kila kitu ni hofu. Kwenye gesi siyo. Nafanya kazi kwenye sekta hii na mwaka 2022 sitausahau.

Mafuta ni kimiminika tangu yakiwa ardhini. Unayamwaga kwenye meli yoyote, mnunuzi wa kwanza akikataa unageuza usukani. Ulaya ilipoyakataa mafuta ya Urusi, India na China waliyachukua kwa punguzo, na wale waliokuwa wakiwauzia India wakayapeleka Ulaya. Foleni ilibadilishana nafasi, mapipa hayakupotea. Ndiyo maana Brent iligusa 139 mwezi Machi 2022, na mwisho wa mwaka ikawa imerudi karibu na ilikoanzia.

Gesi inaishi ndani ya bomba. Bomba lina mwanzo na mwisho, na katikati huwezi kuchepuka. Nord Stream ya kwanza iliweza kubeba mita za ujazo bilioni 55 kwa mwaka kutoka Urusi hadi Ujerumani. Juni 2022 ikapunguzwa hadi asilimia 40 ya uwezo, Julai hadi asilimia 20, mwisho wa Agosti ikasimamishwa kwa matengenezo na haikurudi tena. Septemba 26 milipuko ya chini ya bahari ikayararua mabomba yenyewe. Gesi ya Ulaya, iliyokuwa ikiuzwa karibu yuro 20 kwa megawati-saa mwanzoni mwa 2021, ilivuka yuro 300 Agosti ile. Sehemu ya ile bei ilikuwa hofu, ndiyo. Lakini chini ya hofu kulikuwa na bomba tupu.

Ili uipandishe gesi kwenye meli unaipoza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, inasinyaa mara 600, kisha kule inakofika unahitaji kituo cha kuirudisha kuwa gesi. Ujerumani haikuwa nacho hata kimoja. Hispania ilikuwa navyo vingi, lakini mabomba ya kuvuka kuingia Ufaransa ni membamba. Ukiwa na maji mengi kisimani na bomba la mrija, jirani atakufa na kiu huku anakuona. Ujerumani ikajenga cha Wilhelmshaven kwa miezi kama kumi, kikafunguliwa Desemba 2022, na majira ya baridi yakaja ya upole. Nusu kazi, nusu bahati.


#11 Simba Mla Nyasi

Dada Zuhura, ramani nimeikubali. Sasa malizia hadithi yako, maana umeiacha pale inapopendeza. Hiyo gesi ya meli waliyoinunua Ulaya ilikuwa inakwenda kwa nani?


#12 Bint Zuhura

Umenishika, na umenishika pazuri.

Sehemu yake ilikuwa ya Asia Kusini. Pakistan na Bangladesh zilikuwa zimejenga mitambo ya umeme kwa kutegemea gesi ya meli kwa sababu walihubiriwa ni safi na ni ya uhakika. 2022 Ulaya ikaja na pochi nene, meli zikageuza. Julai mwaka ule Pakistan ilitangaza zabuni ya kununua gesi ya karibu dola bilioni moja. Hakujitokeza muuzaji hata mmoja. Umeme ukakatwa saa kwa saa, katikati ya joto.


#13 Simba Mla Nyasi

Basi. Ulaya ikanunua joto lake, Pakistan ikabaki na giza. Na vyombo vikubwa vya habari viliandika "Ulaya imenusurika". Ndiyo habari yenyewe hiyo. Mimi nikisema mabeberu mnaniona nina povu.


#14 Kalamu Kavu

Leo kwa mara ya kwanza nampa Simba alama ya kukubali. Mods, naomba uzi uhifadhiwe kama kumbukumbu.


#15 Mwalimu wa Zamu

Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha madaftari. Nitie ya kihistoria, maana kuna mtu atakuja kusema haya yote ni mambo ya mitandao.

Oktoba 1973, katikati ya vita ya Waarabu na Israel, wazalishaji wa Kiarabu walipunguza uzalishaji na kuwanyima mafuta Marekani na wenzake. Pipa likatoka kama dola 3 likafika karibu 12 Januari 1974. Ule ulikuwa upungufu wa kweli, sikatai. Ila tazameni wananchi walivyoupokea. Kule Osaka, Japani, ulienea uvumi kwamba mafuta yakipungua, karatasi za chooni zitakwisha. Akina mama wakajipanga mistari kabla maduka hayajafunguliwa, rafu zikabaki nyeupe, picha zikatoka magazetini, nchi nzima ikafuata. Desemba ile Marekani, mchekeshaji wa televisheni Johnny Carson akatania kuhusu uhaba wa karatasi hizohizo. Watu wakazikomba. Ikabidi baadaye aeleze hewani kwamba ulikuwa utani. Hapakuwa na intaneti, wapendwa.

Mapokeo mengine ya 1973 yalikuwa ya kutokuamini. Wamarekani wengi waliwalaumu wenye makampuni ya mafuta na serikali yao wenyewe kuliko Waarabu waliofunga bomba. Meli zimejaa mafuta zimefichwa nje ya bandari, ndivyo walivyoambizana. Uvumi huo umezaliwa upya kila mgogoro tangu hapo, umebadilisha nguo tu.

Mfano wa Al Udeid nao una kaka yake mkubwa. Iraq iliingia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, na kufikia vuli bei ilikuwa imeshapanda maradufu. Dunia ikasubiri vita miezi mitano na nusu. Usiku wa kuamkia 17 Januari 1991 mabomu yakaanza kudondoka Baghdad, na siku hiyo mafuta ya Marekani yakaporomoka kutoka kama dola 32 hadi 21. Theluthi ya bei, siku moja, na vita ndiyo kwanza imeanza. Kwa sababu kilichokuwa kinaogopwa, kwamba visima vya Saudia vitapigwa, hakikutokea, na nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati zilikuwa zimetangaza kufungua akiba zao. Shirika lenyewe liliundwa Novemba 1974 kutokana na kipigo cha 1973, na kila mwanachama anayeagiza mafuta lazima awe na akiba ya siku 90 za mafuta anayoagiza.

Rais Bush mkubwa akapanda umaarufu hadi asilimia 89 kwenye kura za maoni. Mwaka uliofuata akashindwa uchaguzi. Lakini huo ni uzi mwingine.


#16 Baharia Mstaafu

Mwalimu, umesahau ya kwangu. Kati ya 1984 na 1988 Iran na Iraq walikuwa wanapigana kwa kupiga meli za mafuta palepale Ghuba. Meli za kiraia mamia ziliguswa, mabaharia mamia walikufa. Marekani ikazipa meli za Kuwait bendera yake mwaka 1987 na kuzisindikiza kwa manowari. Na bei? 1986, katikati ya vita hiyo, pipa lilishuka hadi karibu dola 10, kwa sababu Saudia alichoka kupunguza uzalishaji peke yake akafungulia. Meli zinaungua, mafuta rahisi. Watu waliokufa mle hawakupandisha hata senti.

Nayasema haya kwa sababu mleta uzi ameandika "asife mtu" kisha akaenda kwenye bei. Bei na damu havisomwi kwenye chombo kimoja.


#17 Mchambuzi Nusu

Baharia, hilo nimelipokea. Nimelisoma mara tatu.

Bint Zuhura, nawe nimekubali. Niliandika kana kwamba kila mgogoro ni hofu tupu. Niseme hivi sasa: kwanza uliza kilichokatika ni nini. Ni bomba, ni meli, au ni imani ya watu? 1973 na gesi ya 2022 kulikuwa na kitu kimekatika kweli. 2019 pia, Abqaiq, kiwanda kikubwa cha mafuta cha Saudia, kilipopigwa tarehe 14 Septemba na zaidi ya mapipa milioni 5 kwa siku yakazimika, kama asilimia 5 ya dunia. Jumatatu yake Brent ilipanda karibu asilimia 15. Lakini Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia, walitoa kwenye matangi huku wakikarabati, na haukupita mwezi bei imerudi. Kitu kilikatika, ila kulikuwa na akiba nyuma yake. Kumbe swali la pili ni: nyuma ya kilichokatika kuna nini?


#18 Pazia Jekundu

Samahani wakubwa, mimi mgeni huku. Kama bei ya dunia imeshuka ndani ya siku mbili, mbona kwenye pampu haishuki siku mbili? Ikipanda tunaambiwa usiku huohuo.


#19 Kalamu Kavu

Karibu. Inapanda kwa lifti, inashuka kwa ngazi. Na kwenye kila ghorofa inapumzika.


#20 Bint Zuhura

Karibu Pazia. Kalamu anatania ila wachumi wameipima tabia hiyo nchi nyingi na ipo. Sababu ya kwanza ni ya haki: mafuta yaliyomo kwenye pampu leo yalinunuliwa wiki kadhaa nyuma, kwa bei ya wakati ule. Ya pili, unachonunua si mafuta ghafi. Ni petroli au dizeli, na viwanda vya kusafisha vina soko lao. Ghafi inaweza kushuka na dizeli ikabaki juu kama viwanda vimezidiwa. Ya tatu, ndani ya bei kuna kodi, usafiri na thamani ya dola, na hivyo havisikilizi habari za Hormuz. Ya nne si ya haki. Bei ikipanda mnunuzi ana hasira, anazunguka kutafuta nafuu. Ikianza kushuka anatulia, hatafuti tena, na muuzaji analijua hilo. Kutulia kwetu ndiko kunakompa nafasi ya kupumzika kwenye ghorofa.


#21 Jongoo Reli

Nimeona mnazungumzia hofu ya watu bila kutaja Mei 2021. Wadukuzi waliivamia kompyuta ya kampuni ya bomba la Colonial, Marekani, bomba likazimwa kama siku tano. Zikasambaa picha za watu wakijaza petroli kwenye MIFUKO YA PLASTIKI. Serikali ikabidi iandike tangazo rasmi: msijaze petroli kwenye mifuko ya plastiki. Nililisoma nikadhani ni kichekesho. La serikali kweli.


#22 Mwalimu wa Zamu

Na Uingereza Septemba mwaka uleule. Petroli ilikuwepo, madereva wa malori ndio walikuwa pungufu. Habari ikatoka kwamba vituo vichache vimefungwa, mwisho wa wiki ile vingi vikakauka, na Oktoba wanajeshi wakaendesha malori ya mafuta.

Hesabu yake ni rahisi kuliko ya Baharia. Chukua nchi ya magari milioni 30. Kila mwenye gari aongeze lita 20 asizozihitaji. Lita milioni 600 zimehama kutoka kwenye hifadhi kwenda kukaa kwenye magari yaliyoegeshwa, karibu mapipa milioni 3.8, kwa siku mbili tatu. Hakuna mfumo wa malori duniani uliojengwa kwa hilo. Na kila aliyejaza alikuwa na akili timamu kabisa, maana asiyejaza Ijumaa alikosa Jumapili.


#23 Simba Mla Nyasi

Hofu ya mwenye tangi inakausha kituo. Hofu ya mwenye kombora je? Januari 2020, baada ya Marekani kumuua Soleimani, jenerali wa Iran, huku mitandaoni ilikuwa utani wa vita ya tatu, hadi tovuti ya Marekani ya kuandikisha vijana jeshini ikazidiwa kwa wingi wa walioingia. Siku tano baadaye Iran ikapiga kambi ya Ain al-Asad, Iraq, na saa chache mbele walinzi wake wa anga wakaidhania ndege ya abiria iliyoruka Tehran kuwa kombora. Watu 176. Na tusiseme ni Iran tu. Julai 1988 manowari ya Marekani Vincennes iliidungua ndege ya abiria ya Iran palepale Hormuz ikidhani ni ya kivita. Watu 290.


#24 Baharia Mstaafu

Hiyo ya 1988 naikumbuka. Naiachia hapo.


#25 Mchambuzi Nusu
Ijumaa, 27 Juni 2025

Wakuu, wiki imefika mwisho. Leo ndiyo ile Ijumaa ya dola 200. Brent inachezea 67 na 68. Yule mjuzi wa kundini amebadilisha picha yake na sasa anachambua sarafu za mtandaoni.

Nawashukuru wote, hasa Baharia na Bint Zuhura, mmenisahihisha bila kunivua nguo.


#26 Kalamu Kavu

Kabla hujafunga. Posti ya tatu, Jumatano. Tangi.


#27 Mchambuzi Nusu

Nilijaza.


#28 Kalamu Kavu

Saa ngapi?


#29 Mchambuzi Nusu

Kabla sijafungua ukurasa wa Brent. Na dumu moja la pembeni.


#30 Jongoo Reli

La plastiki?